Kusaga meno usingizini: chanzo ni nini, na daktari anajuaje?

Hivi karibuni niligusia kwa sentensi moja tu kwamba mtu anayesaga meno usiku si lazima awe na minyoo. Tangu siku hiyo simu yangu haijapumzika. Nimechagua maswali sita, na baadhi nimeyafupisha.

Shikamoo daktari. Mwanangu wa miaka 6 anasaga meno kila usiku hadi tulio chumba cha pili tunasikia. Bibi yake anasema ni minyoo. Mwaka huu tumempa dawa mara tatu na bado anasaga. (Mama, Morogoro)

Marahaba, mama, na pole kwa usiku huo. Mimi mwenyewe utotoni nilinyweshwa dawa ya minyoo kwa sababu hiyo hiyo, kwa hiyo bibi simlaumu hata kidogo. Minyoo imekuwa mingi kwa watoto wetu, na kusaga meno nako ni kwingi katika umri huo huo. Vitu viwili vilivyo vingi lazima vikutane kwa mtoto mmoja, lakini hakuna utafiti uliothibitisha kwamba kimoja kinazaa kingine. Dawa ya minyoo inayogawiwa shuleni aendelee kuimeza kwa ratiba yake, maana minyoo inamaliza damu na kudumaza. Kumwongezea nyingine kila mnaposikia meno, hapana.

Usiku wa leo nenda kamtazame akiwa amelala. Je, anakoroma? Mdomo uko wazi? Analala kichwa kimerudi nyuma kama anayetafuta hewa, shingo imelowa jasho? Mtoto wa namna hii mara nyingi ana mafindofindo makubwa au nyama zilizovimba nyuma ya pua, na anapaswa kuonwa na daktari wa masikio, pua na koo. Watoto wengi hupunguza kusaga njia ya hewa ikishafunguka. Kama hakoromi, jiulize kuhusu mchana wake: amehamishwa shule? Amepata mdogo? Analala huku televisheni inawaka?

Ukikosa yote hayo, mwache alale. Wengi huacha wenyewe kadiri wanavyokua, na meno yanayolika sasa mengi ni ya utoto, yatang'oka. Mlete kwa daktari wa meno akianza kulalamika taya au kichwa asubuhi, au jino likimeguka. Kinga ya plastiki, ile ya kuvika meno usiku, kwa kawaida hatumpi mtoto wa umri wake, kwa kuwa taya bado linakua.

Daktari wa meno ameniambia nasaga meno usiku. Naishi peke yangu na sijawahi kusikia chochote. Amejuaje? (Kijana, Dar es Salaam)

Swali hili nalipenda kuliko yote, kwa sababu mdomo unatunza kumbukumbu ambazo mwenye mdomo hana.

Mgonjwa akikaa kwenye kiti changu, kabla hajafungua mdomo naweka vidole kwenye mashavu yake, karibu na pembe ya taya, na kumwambia aume. Kwa mtu anayesaga kwa miaka, msuli pale unatuna kama kifundo kigumu. Kisha natazama ulimi: pembeni mna alama za meno zilizojichapa. Ndani ya shavu mna mstari mweupe, sawa kabisa na mahali meno ya juu na ya chini yanapokutana. Halafu natafuta jino la chonge. Ncha yake inapaswa kuwa imechongoka. Kwa msagaji imekuwa bapa, inang'aa kwenye taa. Nikimwomba asogeze taya pembeni taratibu, chonge la chini linaingia kwenye ubapa wa la juu kama ufunguo kwenye kitasa chake. Mchana hakuna anayekaa hivyo. Hapo ndipo taya huwa usiku.

Ila nakuomba usimwamini daktari anayetazama meno yaliyolika na kutoa hukumu palepale. Meno hulika pia kwa tindikali: soda za kila siku, ndimu na maembe mabichi ya kunyonywa, kiungulia kinachopanda usiku. Jino lililoliwa na tindikali huwa na vishimo vya mviringo juu yake, na kama liliwahi kuzibwa, kile kizibo hubaki kimeinuka huku jino lenyewe likishuka. Tena, meno yaliyolika yanaweza kuwa habari ya miaka kumi iliyopita. Anayesaga sasa hivi huwa na dalili mpya: taya zito asubuhi, maumivu ya kichwa kwenye panja, vizibo vinavyovunjika mara kwa mara.

Ndiyo maana sisi madaktari tunapanga uhakika kwa ngazi. Ukisema tu "nadhani nasaga", au mwenzako akisema amesikia, hiyo inawezekana. Nikiona dalili mwilini, inaelekea ni kweli. Uhakika kamili unatoka kwenye kipimo cha usingizi, unapolala na nyaya kichwani, kifuani na kwenye misuli ya taya huku kamera ikikurekodi. Kipimo hicho ni ghali na kinapatikana katika hospitali chache. Wagonjwa wangu wengi hawakihitaji.

Mume wangu anasaga meno kama mtu anayesaga mtama kwenye jiwe. Pia anakoroma sana, na kuna wakati ananyamaza kabisa, namtikisa ndipo anavuta pumzi kwa nguvu. Tumtengenezee kinga ya meno? (Tanga)

Dada, subiri kwanza kwenye habari ya kinga. Huko kunyamaza kunanitia wasiwasi kuliko meno. Unachoeleza kinafanana na kukatika kwa pumzi usingizini: koo linajifunga, oksijeni inashuka, ubongo unashtuka ili kumwokoa. Na hata kwa wasagaji wengine, taya hubana hasa nyakati ambazo ubongo umeshtuka kidogo kwa sekunde chache na mapigo ya moyo yamepanda. Kwa hiyo mambo haya mawili mara nyingi yanakaa kitanda kimoja, ingawa si kila asagaye ana tatizo la pumzi.

Mrekodi kwa simu, dakika tano zinatosha, sauti na picha. Mkimwona daktari, mwonyesheni. Mwambieni pia kama anasinzia mchana, akiwa kazini au, Mungu aepushe, akiendesha gari. Kama anaamka na kichwa kinauma. Kama anaamka mara kwa mara kukojoa. Apimwe na shinikizo la damu. Mtu huyu ndiye anayehitaji kipimo cha usingizi hata kwa kuchangishana. Na sababu ya kukuzuia kukimbilia kinga ni hii: kwa baadhi ya watu wenye tatizo la pumzi, kinga ya taya la juu imeonekana kuliongeza.

Habari daktari. Nilianza dawa ya sonona, sertraline, na baada ya wiki chache taya likaanza kuuma na roommate anasema nasaga meno. Niache? (Nakuru)

Usiache, tafadhali. Dawa za kundi hilo zinajulikana kuleta kusaga meno kwa baadhi ya watu, na kuanza kwake ndani ya wiki za mwanzo kunaelekeza huko. Lakini kuikata ghafla kunaweza kukuletea kizunguzungu, mshtuko kama wa shoti ya umeme, na sonona yenyewe ikarudi. Rudi kwa daktari aliyekuandikia umwambie hasa hivi ulivyoniambia. Anaweza kupunguza dozi, kubadilisha dawa, au kuongeza nyingine. Taya linatibika kwa utaratibu huku ukiendelea kupona moyo.

Mimi ni dereva wa usiku. Natafuna miraa na kunywa vinywaji vya kuongeza nguvu ili nisilale. Nikilala mchana nasaga. Kuna uhusiano? (Mombasa)

Upo, kaka. Kemikali ya miraa inaamsha ubongo kwa njia inayofanana na amfetamini, dawa kali ya kusisimua ubongo, na dawa za aina hiyo hubanisha taya. Ongeza kafeini ya hivyo vinywaji, ongeza sigara kama unavuta, halafu msuli umeshatafuna saa kadhaa kabla ya kulala. Pombe ya kutafutia usingizi inazidisha. Najua kazi yako haikuruhusu kuacha vyote leo. Anza kwa kukata kafeini na miraa saa sita kabla ya kulala, ukitazama taya linavyoamka baada ya wiki mbili. Hiyo nayo ni sehemu ya uchunguzi.

Assalaam alaykum. Baba alisaga, mimi nasaga, na sasa binti yangu. Jirani anasema ni jini. Daktari mmoja anasema meno yangu hayajapangana na anataka kuyasawazisha kwa mashine. Nani mkweli? (Unguja)

Waalaykum salaam. Kusaga meno kunatembea katika familia, hilo linajulikana, na kwenu ndiyo maelezo ya karibu zaidi. Wasiwasi na msongo wa mawazo huchochea pale palipo na asili hiyo.

Kuhusu mashine, kataa. Zamani tulifundishwa kwamba meno yasiyopangana ndiyo chanzo. Leo tunajua mambo yanaanzia kwenye ubongo uliolala, na jino lililochongwa halirudi. Omba kinga ya kuvaa usiku, iliyotengenezwa kwa vipimo vya mdomo wako. Haitakuzuia kusaga. Itasagika yenyewe badala ya meno. Irudishe kwa daktari baada ya miezi sita mtazame imelika wapi.