Unapovusha mzigo Ziwa Tanganyika, piga hesabu ya gati kwanza

Wafanyabiashara wanaotaka kuvusha mzigo kutoka Kigoma kwenda Kalemie, ng'ambo ya ziwa upande wa Kongo, huniuliza kwanza nauli ya meli ni kiasi gani kwa tani. Huwa nawaambia waanze na maswali mengine: mzigo utalala gatini siku ngapi, na utapita katika mikono mingapi? Kwa muda wote niliofanya kazi ya kuvusha saruji, unga na chumvi ya Uvinza, fedha nyingi nimeziona zikipotelea nchi kavu.

Kukata ziwa kutoka Kigoma hadi Kalemie ni kama kilomita 130 tu. Meli ikiondoka jioni na hali ya hewa ikiwa njema, kunakucha ipo ng'ambo. Reli nayo imefika Kigoma tangu 1914 na inaingia hadi bandarini. Njia ipo. Kinachotuumiza ni hapo katikati, behewa linapokutana na meli.

Chukua saruji. Mfuko ni kilo 50, kwa hiyo tani 300 ni mifuko 6,000. Usipopanga vizuri, kila mfuko utatolewa kwenye behewa uingie ghalani, utoke ghalani upande lori, ushuke gatini, kisha uteremshwe ngamani, yaani tumboni mwa meli. Ng'ambo kazi hiyo inaanza upya. Kila hatua ina malipo ya makuli, na kila hatua ina hasara yake. Karatasi huchanika kwenye pembe, pale mkono unapokamata. Mfuko uliochanika ukilala kwenye unyevu wa ziwa, saruji yake inaanza kuganda, na mnunuzi wa Kalemie akiubonyeza kwa kidole gumba akakuta uvimbe mgumu, bei imeshashuka kabla hamjasalimiana vizuri.

Kwa hiyo usiruhusu mabehewa yaingie Kigoma kabla hujajua meli yako inafunga gati lini. Ongea na wakala wa meli na watu wa reli kwa pamoja, ili mzigo utoke kwenye behewa uende moja kwa moja melini. Omba mifuko ipangwe kwenye palleti au inyanyuliwe kwa nyavu na winchi, hata kama utaongeza kidogo. Na ngamani hakikisha kuna mbao chini na turubai juu.

Nyaraka zianze kushughulikiwa mzigo ukiwa bado Dar es Salaam. Mzigo wa Kongo unadai FERI, hati ya kielektroniki ya taarifa za mzigo unaoingia nchini humo, na uzito ulioandikwa humo lazima ulingane na ankara, manifesti (orodha ya mizigo iliyomo melini) na hati za forodha. Nimeona shehena nzima ikisimama kwa sababu karatasi moja imeandika uzito na vifungashio na nyingine bila vifungashio. Huku meli inasubiri, na siku za kusubiri zinalipiwa.

Kati ya Mei na Agosti upepo wa kusini mashariki huwa mkali, na ziwa hili likichafuka si la kufanyia mzaha. Katika miezi hiyo usimwahidi mteja tarehe; mwahidi wiki. Na kabla ya kulipa, nenda ukaangalie alama ya ujazo ubavuni mwa meli. Ikiwa imezama majini na bado wanapakia, ondoa mzigo wako, maana humo ndani kuna mabaharia wenye familia.

Serikali zetu nne zinazolizunguka ziwa zina kazi yao: winchi zinazofanya kazi, kina cha kutosha kwenye magati, na forodha inayosoma hati moja pande zote mbili. Tuidai bila kuchoka.

Lipo hata hivyo jambo ambalo tunaliweza wenyewe, nalo ni mzigo wa kurudi. Meli inayorudi Kigoma tupu gharama yake imeshawekwa kwenye nauli yako ya kwenda. Mtafute mtu wa Kalemie mwenye mbao au mazao ya kuja Tanzania, mkae na mwenye meli mezani mkiwa wawili, mwombe bei ya safari nzima. Kisha ulizeni reli kuhusu yale mabehewa yanayorudi Dar, kwa sababu nayo mara nyingi yanatafuta mzigo.