Agosti katika historia ya Waingereza: maswali yenu

Bunge la London huwa likizoni mwezi wa Agosti na magazeti yao hukosa cha kuandika. Barua zenu zinaonyesha kwamba tarehe za kukumbukwa hazikosekani hata hivyo. Nimechukua tano.

Shikamoo. Kila tarehe 27 Agosti mitandaoni watu wanachekea vita vya Zanzibar vya dakika 38. Ni kweli au ni porojo? (Mwanafunzi, Tanga)

Marahaba. Ni kweli, ingawa wapo wanaozifikisha 45, kutegemea wanapoanzia kuhesabu. Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla tarehe 25 Agosti 1896, na siku hiyohiyo Khalid bin Barghash akaingia kasrini na kujitangaza sultani. Waingereza, waliokuwa wameiweka Zanzibar chini ya ulinzi wao tangu 1890, walimtaka Hamoud bin Mohammed. Balozi mdogo Basil Cave na Admeri Harry Rawson wakampa Khalid hadi saa 3:00 asubuhi ya tarehe 27 awe ameteremsha bendera na kutoka. Saa 3:02 mizinga ikaanza. Glasgow, meli ya sultani, ilijaribu kujibu ikazamishwa palepale bandarini, na milingoti yake ilibaki imechomoza majini kwa miaka. Kufikia saa 3:40 kazi ilikuwa imekwisha.

Upande wa kasri watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza aliumia vibaya baharia mmoja, naye akapona. Mimi hapo sioni cha kuchekesha, wala sioni kwa nini tuendelee kuviita vita.

Khalid mwenyewe alikimbilia ubalozi wa Wajerumani. Nje, askari walikuwa wakimsubiri akanyage tu ardhi ya Zanzibar wamkamate. Tarehe 2 Oktoba maji yalipojaa, mashua ya manowari ya Kijerumani ikasogezwa hadi kwenye lango la bustani ya ubalozi, akapanda bila kugusa barabara. Akahamia Dar es Salaam, mji ambao nao ulikuja kupigwa mizinga na manowari ya Kiingereza, Astraea, tarehe 8 Agosti 1914, siku nne baada ya Uingereza kuingia vitani na Ujerumani. Waingereza walimtia mkononi mwaka 1916, wakampeleka uhamishoni Seychelles na St Helena. Alifia Mombasa mwaka 1927.

Kwa nini Jumatatu ya mwisho ya Agosti ni sikukuu huko? Ni ya mtakatifu gani?

Hakuna mtakatifu. Ni ya mabenki. Sheria ya mwaka 1871, iliyosukumwa bungeni na John Lubbock, mwenye benki aliyekuwa pia mwanasayansi, iliamuru mabenki yafungwe siku kadhaa kwa mwaka, na watu wengine wakafaidika. Wenye utani walianza kumwita mtakatifu Lubbock. Zamani ilikuwa Jumatatu ya kwanza; Scotland bado iko hapohapo.

Jirani zangu Wajamaika hapa Birmingham husherehekea tarehe 1 Agosti kuwa siku ya uhuru kutoka utumwani. Mimi nilifundishwa kuwa Uingereza ilikomesha utumwa mwaka 1807.

Mwaka 1807 walipiga marufuku biashara ya watumwa. Waliokwisha kuwa mashambani wakabaki mashambani. Sheria ya kuwaacha huru ilianza kazi tarehe 1 Agosti 1834, na hata hapo walioachwa huru moja kwa moja ni watoto wa chini ya miaka sita. Wengine walipewa jina la wanagenzi, wakaendelea kuwatumikia mabwana walewale bila ujira kwa sehemu kubwa ya wiki, mpaka tarehe 1 Agosti 1838. Ndiyo maana utakuta wengine wanahesabu kuanzia mwaka huo.

Fidia ilikuwepo, tena nono: pauni milioni 20, zote kwa waliokuwa na watumwa. Mtumwa hakupata hata senti. Serikali ilikopa ili ilipe, na deni hilo halikumalizika mpaka mwaka 2015. Maana yake jirani zako, kama walikuwa wanakatwa kodi Birmingham kabla ya hapo, nao walichangia.

Na usidhani sheria hiyo ilifika kwetu. Zanzibar ilisubiri hadi 1897, ikiwa tayari mikononi mwa Waingereza, na amri ya mwaka huo ilimtaka mtumwa aende mwenyewe kudai uhuru wake. Masuria waliachwa nje mpaka 1909. Pwani ya Kenya ilikuwa 1907.

Nimehamia Leicester mwaka huu. Agosti hapa ni Richard III tu. Alifanya nini?

Alikufa, zaidi ya yote. Tarehe 22 Agosti 1485 aliuawa katika mapigano ya Bosworth, si mbali na hapo ulipo, akawa mfalme wa mwisho wa Uingereza kuuawa vitani. Mwili uliletwa mjini uchi juu ya farasi, ukazikwa katika nyumba ya watawa ambayo baadaye ilibomolewa na mahali pakasahaulika. Tarehe 25 Agosti 2012 wachimbaji walitoboa lami ya maegesho ya magari, na siku hiyo ya kwanza wakakuta mifupa ya miguu. Uti wa mgongo ulikuwa umepinda na fuvu lina majeraha. Vinasaba vikaoana na vya fundi samani mmoja mzaliwa wa Kanada, wa ukoo wa dada yake mfalme. Tangu Machi 2015 amelala katika kanisa kuu la mji.

Lakini Leicester ina Agosti nyingine inayotuhusu zaidi. Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kuwa Waasia wenye pasi za Kiingereza waondoke Uganda, na wakapewa siku 90. Takriban 28,000 waliingia Uingereza. Baraza la mji wako lililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwaomba wasije Leicester. Walikuja kwa maelfu. Pita Barabara ya Belgrave uone maduka ya dhahabu na sari, kisha ingia mgahawani uagize mogo: utaletewa muhogo wa kukaanga.

Kitabu kimoja kinasema manowari za Hispania zilishindwa na Waingereza huko Gravelines tarehe 29 Julai 1588, kingine 8 Agosti. Nani kakosea?

Hakuna. Hispania ilishahamia kalenda mpya, iliyokuwa mbele kwa siku kumi, Uingereza iling'ang'ania ya zamani hadi mwaka 1752, ambapo watu walilala tarehe 2 Septemba wakaamka tarehe 14. Chagua kalenda moja na ubaki nayo. Ukichanganya, utadhani Malkia Elizabeth wa Kwanza aliwahutubia askari wake huko Tilbury tarehe 9 Agosti (kwa kalenda ya zamani) siku moja tu baada ya mapigano, wakati zilikuwa zimepita siku 11 na Wahispania wamekwishatokomea kaskazini.