Lava ya Juu Isikudanganye: Pima Mwamba wa Chini

Jana usiku kijana wa mwaka wa tatu wa jiolojia kaniandikia: "Shikamoo kaka. Eneo la mradi wangu ni lava tupu. Mashapo yaliyofukiwa chini yake nitayachoraje?" Mashapo ni matabaka ya mchanga na tope yaliyogeuka mwamba. Sikupata usingizi. Swali hilohilo liliwahi kunitoa machozi, na najua wengi mnaosoma hapa mna ndoto niliyokuwa nayo: kuitwa kijijini, kuonyesha kidole na kusema chimbeni hapa.

Tulipewa kazi ya kisima katika kijiji kimoja cha huku Kigoma, njia ya Kasulu. Juu kote ni lava ya Gagwe, iliyomwagika karibu miaka milioni 800 iliyopita. Ukiipasua kwa nyundo unakuta vitundu vya mapovu ya gesi vimezibwa na madini meupe, kama punje za mchele zilizogandia kwenye ugali wa muhogo. Maji humo ni ya kubahatisha. Nilichokitaka ni jiwe la mchanga, linaloshika maji, ambalo nilikuwa nimeliona korongoni, limekaa chini ya lava moja kwa moja. Lava yenyewe imelala karibu sawasawa, nami nikachora mchanga nao umelala hivyohivyo. Dira ya kijiolojia, ile inayopima pia mwinamo wa mwamba, ilikuwa mfukoni. Sikuitoa.

Tukachimba mita 400 mashariki ya korongo. Lava iliisha kwenye mita 40, kama nilivyotabiri, nikashangilia. Kumbe chini yake lilifuata jiwe la tope, la kijivu, kavu. Mita 60, tope. Mita 90, tope, na fedha zikaisha. Mzee mwenyekiti wa kijiji akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, maji yako wapi?" Bosi wangu wa wakati ule yeye hakuwa na upole, aliniambia mbele ya mafundi kwamba shahada yangu niliinunua. Mpaka leo nikilikumbuka neno lile kifua kinabana.

Nilirudi korongoni peke yangu. Nikaweka dira juu ya jiwe la mchanga: linainama digrii 10 kuelekea mashariki. Yaani mashapo yaliinuliwa upande mmoja, yakamomonyolewa, ndipo lava ikaja kutandaza juu ya ncha zake zilizokatwa. Mwinamo wa digrii 10 kwa mita 400 ni kushuka mita 70. Jumlisha 40 za lava, unapata 110. Tulisimama mita 20 juu ya maji.

Ndugu zangu, pimeni. Tafuteni korongo, ukingo wa mto, mahali popote mwamba wa chini unapochungulia, mkaupime huo. Msipime lava mkadhani mmepima mashapo. Kule Saurashtra, India, mashapo yamefunikwa na lava ya Deccan ya miaka milioni 66, na mawimbi ya mitetemo yanayotumwa ardhini kupiga picha ya chini yanatawanyika ndani ya basalti, yaani mwamba wa lava hiyo, kabla ya kurudi na picha safi. Watafiti wa huko wanaongezea vipimo vya nguvu ya uvutano wa dunia na vya magnetoteluriki, yaani vya jinsi miamba ya chini inavyopitisha umeme, kwa kuwa mashapo yenye maji ya chumvi hupitisha umeme kwa urahisi kuliko basalti. Sisi vyombo hivyo hatuna, ila miguu tunayo. Tembeeni! Kijana anayechora ramani akiwa kwenye siti ya gari anawakosea watu wanaosubiri na ndoo.

Mwaka huu kijiji kilekile kilipata mfadhili mwingine, wakaniita mimi. Nilisogeza kisima hadi mita 150 kutoka korongoni. Lava, kisha tope, na karibu na mita 66 chengachenga zikabadilika mkononi mwangu: punje za mchanga, nyeupe, zimelowa. Maji yalipopanda, mwenyekiti, mzee yuleyule, aliinama akachota kwa kiganja akanywa kabla tope halijatulia. Sikuweza kusema kitu.

Kwa hiyo wewe kijana wangu, kesho asubuhi shuka korongoni na dira yako. Pima mara kumi, sehemu kumi, halafu niandikie digrii ulizopata.