Ugali umeisha, au sisi tumeishiwa?

Barua nyingi za safari hii zinahusu kitu kimoja: namna ya kusema kwa Kiingereza kwamba kitu kimeisha. Tumechagua nne.

SWALI: Nahudumu mgahawani jirani na soko la Majengo, Dodoma. Mgeni aliyekuwa njiani kwenda Kondoa kuona michoro ya miambani ya Kolo aliagiza kuku. Nikamwambia "The chicken is finished". Akatabasamu, akaendelea kukaa. Nilikosea wapi?
Mhudumu, Majengo

JIBU: Huenda alidhani kuku ameiva. Chakula kikiwa jikoni, "finished" inaweza kusikika kama "kazi ya kupika imekamilika". Sisi kwa sisi Afrika Mashariki tunaelewana, ila mgeni anaweza kuchukua uma akasubiri. Ungemwambia hivi: "Sorry, we've run out of chicken."

Usiikariri kama kitu kigeni, kwa sababu Kiswahili kinakupa ufunguo. Kwetu kitu huisha, mtu huishiwa. "Ugali umeisha" ni "The ugali has run out". "Tumeishiwa ugali" ni "We've run out of ugali". Ukianza na kitu, "of" haina kazi. Ukianza na mtu kisha ukataja alichoishiwa, "of" ni lazima: "We've run out chicken" ni kosa. Na usikitie kitu katikati, kama "We've run chicken out", maana hapo utakuwa umemfukuza kuku. Kama mgeni ameshakitaja chakula mwenyewe, jibu fupi linatosha: "Sorry, we've run out." Hapo "of" inaachwa kwa sababu hakuna jina linalofuata.

Kwa kuku hasa, anza na "we". "The chicken has run out" ni sahihi kisarufi, ila mgeni mwenye utani atakuuliza amekimbilia wapi.

SWALI: Mwalimu amenikata alama kwa "We have ran out of chalk". Mbona kuna kuishiwa kulikopita?
Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Kongwa

JIBU: Mwalimu yuko sahihi. Kitenzi hiki ni "run, ran, run", na baada ya "have" au "has" huja umbo la tatu. Kosa linatoka masikioni: kwa sikio la Mswahili "run" na "ran" zote ni "rani", kwa hiyo mkono unaandika yoyote. Pima kwa viambishi vyetu. Penye -me-, "Tumeishiwa chaki", andika "We have run out of chalk". Penye -li- na wakati uliotajwa, "Tuliishiwa chaki jana", andika "We ran out of chalk yesterday". Ukiweka "yesterday" pamoja na "have", alama zitakatwa tena.

SWALI: Nina mpangaji kutoka Ujerumani, Nkuhungu. Maji yakikatika, umeme ukikatika, luku ikiisha, yote namwambia "is finished". Ananiuliza maswali mengi.
Mama mwenye nyumba

JIBU: Anauliza kwa sababu kila tukio lina dawa yake, nawe unampa neno moja. Ikiwa mgao umeanza na bomba halitoi, mwambie "The water's off". Epuka "Our water has been cut off", kwani anaweza kudhani hujalipa bili. Umeme wa mtaa mzima ukikatika ni "There's a power cut". Luku ikiisha ndipo kitenzi chetu kinapoingia, kwa sababu kulikuwa na akiba na imetumika yote: "We've run out of units". Mwonyeshe mita mara moja, neno "units" atalishika.

Tangi la maji nalo lina hatua. Chukua la lita 2,000. Likibaki na lita 400, sema "We're running low on water", na hapo ni "on", si "of". Zikibaki ndoo mbili tatu, sema "We're running out of water", yaani tunakaribia kuishiwa. Likikauka, "We've run out of water". Mipaka haipimwi kwa rula, ila usimwambie "we've run out" huku maji bado yapo. Akifungua bomba yakatoka, siku nyingine hatakuamini.

Tena, "run out" haimnyooshei mtu kidole. Ukitaka kujua nani ameoga ndoo zote tano, badilisha kitenzi: "Who's used up all the water?" Ni tofauti ileile ya "maji yameisha" na "nani kamaliza maji?"

SWALI: Leseni yangu inaisha tarehe 30 Juni. Naweza kusema "I run out of licence"? Na nikiwa sina hela je?
Bodaboda, Ipagala

JIBU: Hapana, kwa sababu leseni hutumii kidogokidogo kama petroli. Kinachoisha ni muda wake, kwa hiyo leseni yenyewe ndiyo inaanza: "My licence runs out on 30 June". Kwenye barua au fomu ya ofisi tumia "expires". Petroli ndiyo "I've run out of petrol", nayo ni sentensi ya kuijua kabla hujampakia mgeni.

Hela ni mtego. Kiswahili husema "nimeishiwa" tu, kila mtu akaelewa mfuko mtupu. Kiingereza "I've run out" bila kitu kilichotajwa kabla humwacha msikilizaji akiuliza, "Of what?" Sema "I've run out of money", au kwa rafiki, "I'm broke". Na ukiishiwa pozi mbele ya abiria, usitafsiri neno kwa neno; "I was lost for words" inakaribia.