Kicheko Ndiyo Malipo: Kwa Anayetaka Kutunga Katuni za Watoto Wanaoanza Kusoma

Dada mmoja ameniandikia: "Shikamoo kaka. Nataka kutunga vitabu vya katuni vya kuchekesha kwa watoto wanaoanza kusoma. Nianzie wapi?" Marahaba, dada. Umenikuta na furaha, maana kitabu changu cha kiboko kimechapishwa tena, na mtu mwenye furaha huwa na maneno mengi. Nivumilie. Na ninyi wengine mnaosoma hapa, najua mna miswada yenu kwenye droo au kwenye simu, kwa hiyo haya ni yenu pia.

Kitabu chenyewe kina wahusika wawili tu, kiboko na panya. Panya anauliza, "Nani amekula keki yangu?" Kiboko, makombo yamemjaa hadi puani, anajibu: "Sijala." Panya hasadiki. "Sijala!" Neno ni hilohilo karibu kitabu kizima. Mara limeandikwa kubwa likajaza ukurasa, mara dogo limejikunyata pembeni, mara herufi zinatetemeka kwa sababu kiboko anakaribia kulia. Mwishoni keki inaonekana kabatini, nzima. Kiboko alikuwa amemaliza biskuti, na kuhusu biskuti hakuna aliyemuuliza.

Mhariri wa kwanza kuupata mswada ule aliurudisha. Alitaka kiboko akiri kosa na kuomba radhi, halafu ukurasa wa mwisho uwe na maswali: Je, kiboko alifanya vizuri? Sisi tunajifunza nini? Akaongeza kwamba watoto wakizoeshwa katuni watatazama picha tu na kusoma hawatasoma. Inaniuma hadi leo, siwafichi. Barua yake ninayo, na siitunzi kwa mapenzi.

Hebu tazameni alichoshindwa kukiona. Picha peke yake inasema kiboko amekula. Neno peke yake linasema hajala. Kinachochekesha hakimo kwenye picha wala kwenye neno, kimo katikati, pale viwili hivyo vinapopingana. Mtoto asiyeweza kusoma "Sijala" anaona mnyama mwenye makombo usoni, basi. Akilisoma, silabi kwa silabi, ndipo anaangua kicheko. Kile kicheko ndicho ujira wa jasho lake. Kisha anaambiwa alisome tena, na tena, wala hachoki, kwa kuwa kila likirudi limevaa uso mwingine. Marudio ndiyo yanayomfundisha mtoto kutambua neno kwa kulitupia jicho tu. Vitabu vya zamani vililijua hilo, ila vilirudia bila mzaha, na mtoto akasinzia.

Malalamiko hayo si yangu peke yangu. Mwaka 1954 mwandishi John Hersey aliandika katika jarida la Life la Marekani jinsi vitabu vya kuanzia kusoma vilivyokuwa vikavu. Mwaka 1957 Theodor Geisel, yule mtunzi wa vitabu vya watoto anayejulikana kama Dr. Seuss, akatoa kitabu cha paka mwenye kofia, chenye maneno 236 tu tofauti. Mwaka 1960 akatoa kingine cha maneno 50, baada ya kuwekeana dau na mchapishaji wake, Bennett Cerf. Watu huzisifu hesabu hizo. Mimi nawaonya: msizinakili. Kitenzi chetu kimebeba mtendaji, wakati na mtendwa mgongoni. "Nitakupigia" ni neno moja, lakini kwa mtoto ni safari ya silabi sita. Hesabuni silabi. Na msidhani "anakula", "walikula" na "tutakula" ni neno moja kwa anayeanza. Kwake ni matatu.

Kuhusu viputo vya maneno, yale mapovu yanayobeba maneno ya mhusika, mtunzi wa Marekani Mo Willems alifanya jambo dogo la akili katika vitabu vyake vya tembo na nguruwe: viputo vya tembo ni vya kijivu, vya nguruwe ni vya waridi. Mtoto anajua nani anaongea, na "alisema" zote zinatoka. Anayeanza kusema, kiputo chake kikae juu na kushoto. Mtu mzima hupata njia hata pakiwa na fujo, mtoto hupotea, na akipotea mzaha umekufa.

Miezi ya kuchora naipita. Ni maumivu ya mgongo tu.

Ninachowaomba, ndugu zangu, acheni woga wa kuchekesha. Tunaandika kana kwamba mtoto akicheka tumemwibia somo. Tuzo ya Marekani ya vitabu vya wanaoanza kusoma, inayoitwa kwa jina la huyo Geisel na kutolewa tangu 2006, mwaka 2010 ilikwenda kwa kitabu cha katuni cha Geoffrey Hayes. Katuni tupu, visanduku na viputo. Ningependa sana kumtumia habari hiyo mhariri wangu, pamoja na nakala ya toleo jipya, ila mke wangu amenikataza.

Basi dada, anza hivi. Kunja karatasi ziwe kijitabu, chora vijiti na viduara, andika maneno. Kisha funika maneno yote. Ukurasa ukiendelea kuchekesha, maneno yako hayana kazi, yaandike upya. Funika picha. Ukurasa ukiendelea kuchekesha, hukuhitaji katuni. Mzaha mkubwa uweke baada ya kufunua ukurasa, usiuweke kwenye ukurasa wa mkabala, jicho la mtoto litauiba kabla hajasoma. Halafu mpe mtoto akusomee yeye, wewe nyamaza. Akikwama mahali, hapo pana neno refu. Akicheka kabla ya kusoma, picha imesema mno.

Ukimaliza nitumie. Nitakisoma chote. Ila nikikuta maswali ya ufahamu mwishoni, nakirudisha siku hiyohiyo.