Nithibitishe Bugando au Dodoma? Na huyu anayesema "utahama mbele ya safari"

Swali: Shikamoo Daktari. Nimemaliza kidato cha sita, mchepuo wa PCB (fizikia, kemia na baiolojia). Nimedahiliwa kusoma MD, shahada ya udaktari, vyuo viwili: CUHAS, chuo kikuu cha afya cha Kikatoliki hapa Bugando, na UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma. Nyumbani ni Igoma, mama anauza dagaa mwaloni Kirumba, na mkopo bado sijajua nitapangiwa kiasi gani. Kuna kaka mwenye steshenari anayesaidia watu kuomba vyuo. Anasema nithibitishe popote, yeye ana mtu wake, mwaka wa pili nitahamia chuo cha Muhimbili (MUHAS) kwa sababu kwenye ajira wanaangalia jina la chuo. Anataka laki tatu pamoja na namba yangu ya uthibitisho. Ikishindikana, anasema ana nafasi za nje ya nchi. Nichague kipi? *Binti wa Igoma, Mwanza*

Jibu: Marahaba, mwanangu. Namba hiyo usimpe. Kama umeshampa, ingia leo hii kwenye akaunti zako za maombi, badilisha nywila, angalia umethibitishwa wapi. Ukikuta si pale ulipotaka, wasiliana na ofisi ya udahili ya chuo chenyewe kabla dirisha la awamu yako halijafungwa.

Sasa hili la "utahama". Kila msimu wa udahili linarudi, na kila msimu kuna watoto wanaolizwa nalo. Uhamisho upo, sikatai. Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) hufungua muda mfupi wa kuhama mwanzoni mwa mwaka wa kwanza. Unaomba kupitia chuo, lazima uwe na sifa za programu unayoitaka, na lazima nafasi iwepo. Hapo kwenye nafasi ndipo pagumu: kila programu ina idadi ya wanafunzi iliyoruhusiwa, na MD ni katika zile zinazojaa mapema. Hakuna "mtu wangu" anayeongeza kiti.

Mwaka wa pili ni habari nyingine kabisa. Pale unaomba kuhamisha krediti, yaani kozi ulizokwisha kufaulu zihesabiwe, na chuo kinachokupokea kinaweka mtaala wako mezani na kuulinganisha na wake kozi kwa kozi. Chuo kimoja kinafundisha anatomia kama somo linalojitegemea, kingine kinaichanganya na fiziolojia kwa kufuata mifumo ya mwili: moyo na mishipa, kisha mapafu, kisha neva. Kama wewe hujagusa neva na wenzako wameshazimaliza, hakuna wa kukufundisha peke yako. Utaambiwa uanze upya mwaka wa kwanza, au utakataliwa tu. Na mkopo nao hauhami wenyewe ukapanda basi na wewe. Una taratibu zake. Kwa hiyo thibitisha chuo ambacho uko tayari kukimaliza. Ukithibitisha kingine chochote unacheza kamari na miaka yako.

Na huko Muhimbili wanakokuimbia, kwa nini hasa? Chuo si jezi ya timu. MD ya CUHAS, ya UDOM na ya MUHAS zote ni miaka 5, zote zinafuatiwa na miezi 12 ya intani (kazi ya mafunzo hospitalini chini ya usimamizi), na wote mnasajiliwa na Baraza lilelile la Madaktari Tanganyika. Tangazo la kazi linadai shahada kutoka chuo kinachotambulika, usajili na leseni. Tena hospitali kubwa kama Muhimbili ina madaktari wengi wanaosomea ubingwa na intani wa kutosha. Mgonjwa akihitaji kutolewa maji ya uti wa mgongo, hao ndio wenye zamu ya kwanza. Mwanafunzi wa MD anatazama kwa nyuma.

Linganisha wodi, basi. Miaka miwili ya mwanzo, ya madarasa na maabara, haitofautiani sana kati ya vyuo vyenye ithibati, isipokuwa ukitaka kuuliza wanafunzi wangapi wanapasua maiti moja. Wakizidi kumi na wachache, wengi wanajifunza kwa kuangalia migongo ya wenzao. Daktari hutengenezwa miaka mitatu inayofuata.

Chukua mgonjwa ambaye kwa Kanda ya Ziwa si ajabu: mvuvi wa Ukerewe, ametapika damu, tumbo limejaa, kichocho kimekaa kwenye ini miaka na miaka. Bandama limevuka kitovu. Mwanafunzi akianza kupapasa juu, chini ya mbavu za kushoto, mkono unatua juu ya bandama lenyewe na ukingo wake anaukosa, anaandika "tumbo gumu". Inabidi uanzie chini kulia, karibu na nyonga, upande taratibu kuelekea mbavu za kushoto huku mgonjwa akivuta pumzi, mpaka ukingo ugonge vidole vyako. Kusoma hivyo ni dakika mbili. Kuuhisi ni lazima mkono wako ufike, na kama mmezunguka kitanda watu ishirini na tano, watafika watatu.

Kwa Bugando huna nauli ya kusingizia. Panda daladala, mtafute mwanafunzi wa mwaka wa nne au wa tano. Muulize: raundi ya wodini mnakuwa wangapi kwa kitanda? Umezalisha wajawazito wangapi kwa mikono yako, na nani alisaini kwenye daftari lako la kazi? Zamu za usiku mnalala wodini au mnasaini na kuondoka? Mnapelekwa hospitali ya mkoa ya Sekou Toure na hospitali za wilaya, au mnaishia hapa mlimani tu? Hilo la mwisho lina uzito, kwa kuwa Bugando ni hospitali ya rufaa ya kanda tangu 1971 na wagonjwa wengi hufika wakiwa wameshaharibika. Nimonia ya kawaida na uzazi usio na shida utaviona zaidi ngazi za chini. Kwa UDOM uliza hayohayo kwa simu. Wao wana Hospitali ya Benjamin Mkapa palepale chuoni pamoja na hospitali ya rufaa ya mkoa.

Nikitazama wodi peke yake, ningekuambia Bugando bila kusita. Ila umenitajia mama na dagaa, kwa hiyo hesabu inatangulia. CUHAS ni chuo binafsi, UDOM ni cha serikali, na pengo la ada ni kubwa. Tuseme ni milioni 3 kwa mwaka: kwa miaka 5 ni milioni 15. Tuseme ada ni milioni 5 na Bodi ya Mikopo ikakupangia asilimia 60 ya ada: kila mwaka unatafuta milioni 2 mfukoni, achilia mbali bima, michango ya chuo, koti na stetoskopu. Bumu, ile fedha ya kujikimu ya mkopo, ni la kula na kulala, ukiligeuza ada utashinda njaa. Kuishi Igoma kunapunguza gharama miaka miwili ya kwanza. Ukianza zamu za usiku utahitaji chumba karibu. Sijaona anayedisko (anayeondolewa chuo) kwa sababu chuo chake hakina jina. Naona wanaozuiwa kufanya mtihani mwaka wa nne kwa deni la ada, wanaahirisha mwaka, wengine hawarudi. Kwa hiyo kama mama na ndugu hawawezi kusema wazi pengo hilo litatoka wapi hadi mwaka wa tano, thibitisha UDOM na usione haya.

Kuhusu za nje: vishoka hawa wana ujanja mmoja wanaoupenda. Wanakufungulia simu, wanakuonyesha jina la chuo kwenye Orodha ya Dunia ya vyuo vya udaktari. Orodha hiyo yenyewe inasema kuwamo humo si ithibati. Anayekwenda kusoma nje anatakiwa kupata kwanza cheti cha TCU cha kutokuwa na pingamizi, na akirudi shahada yake inatathminiwa kabla Baraza halijamgusa. Mdai huyo kaka vitu vitatu kwa maandishi: jina la hospitali ya kufundishia na idadi ya vitanda vyake, lugha wanayozungumza wagonjwa wa huko, na akaunti ya benki yenye jina la chuo. Hili la lugha wazazi hulisahau. Mtoto anafundishwa darasani kwa Kiingereza, wodini mgonjwa anaeleza maumivu kwa lugha asiyoielewa, na anarudi na shahada bila kujua kuchukua historia ya mgonjwa. Akikutajia namba ya simu ya kutumia pesa badala ya akaunti ya chuo, hayo mengine mawili usihangaike kuyasubiri.