Kabla ya kulipa, ligeuze

Zulia langu la kwanza la Kibulushi nililinunua sokoni Matrah, Maskati, na ukweli ni kwamba nilinunua hadithi. Muuzaji alinimiminia kahawa, akalikunjua polepole, akasema bibi yake alikuwa akiswali juu yake, lina miaka mia na ushei na rangi zake zote ni za mimea. Jioni nyumbani nililoweka kitambaa cheupe, nikakikandamiza juu ya ule wekundu ulionivutia. Kikatoka kama kimechovywa kwenye juisi ya choya. Wekundu wa mizizi ya ronas, mmea wa kutilia rangi, ukipikwa vizuri, hauchuji hivyo.

Siku hizi uso wa zulia nautazama mwisho. Naanza na mgongo: mazulia ya wafugaji wanaohamahama mtande wake, zile nyuzi za urefu zinazofungiwa mafundo, kwa kawaida ni wa sufu, maana sufu ndiyo waliyokuwa nayo. Ukikuta mtande wa pamba nyeupe, shuku karakana, au umri mdogo kuliko unaotajiwa. Kisha nakunja mpaka nyuzi zifunguke na mafundo yaonekane. Ncha zikiwa za kijivu na mashina zambarau kali, hiyo ni rangi ya kiwandani. Rangi hizo zilianza Uingereza mwaka 1856, kwa hiyo anayekuapia zulia kama hilo ni la 1800, mshukuru kwa kahawa uondoke. Buluu haitakusaidia: nili ya kiwandani, iliyoingia sokoni mwaka 1897, kikemia ni ileile ya mmea.

Kipimo ninachokipenda hakihitaji macho. Pitisha vidole juu ya maua. Weusi na kahawia iliyokoza zamani vilipatikana kwa chuma, na chuma hula sufu taratibu, hivyo sehemu hizo hubonyea huku nyekundu na buluu zikibaki juu. (Wapo wanaozinyoa kwa mkasi kuiga. Uzee wa kweli hauli kwa usawa. Mkasi huacha kimo kimoja.)

Na jina lenyewe lisikupoteze. Mengi ya yanayoitwa ya Kibulushi yalifumwa Khorasan, kaskazini mashariki mwa Iran, na upande wa Herat, Afghanistan, mengine na makabila jirani. Lakini Gwadar, bandari ya Wabulushi iliyoko Pakistan sasa, ilikuwa chini ya Oman hadi 1958, na Wabulushi wamejaa Maskati, basi hadithi ya "limetoka kwetu Gwadar" inauzika mno hapa.

Nondo, wale wadudu wanaokula sufu: kagua chini ya makabati, sehemu zisizokanyagwa. Ukiwaona, lifunge kwenye nailoni na uliweke kwenye friza siku kadhaa, halafu lipige brashi pande zote mbili.

Lile la kwanza bado ninalo, lipo mlangoni. Silifui.